Nyota Niliyoiosha kwa Mikono Yangu

Jumatano, 4 Mei 1910

Nimeamka kabla ya adhana. Nyota yenye mkia ipo palepale, upande wa mawio, pembeni ya milima. Majirani wanaiogopa. Wanasema italeta njaa, tauni na kodi mpya. Mimi siogopi. Nimeitazama, nayo imenitazama. Tumeelewana.

Habari kubwa ya leo si nyota. Gari la moshi la jana limetuletea Mjerumani mpya. Ni daktari, lakini hatibu mtu. Ni daktari wa mawe! Jina lake Lindner. Amekuja na masanduku, miwani miwili na mwavuli, na Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji. Atahitaji mkalimani.

Sasa sikiliza, ewe karatasi. Mzee Dadi, mkalimani mkuu wa boma, macho yamemchoka. Mwisho wa mwezi anaacha kazi. Kiti chake cha mninga, chenye mikono miwili, kitabaki wazi barazani, pamoja na tarbushi nyekundu. Bwana Mkubwa, Mjerumani anayetawala boma, ametamka mbele yetu kwamba kati ya wakalimani wadogo wawili, atakayemfaa Daktari ndiye atakayekikalia.

Wakalimani wadogo ni mimi, Kibwana bin Pazi, na Benedikto. Benedikto amesoma misheni, kule Matombo. Kijerumani chake ni safi kama maji ya kisima, na ladha yake ni hiyohiyo ya maji. Akiambiwa neno, analitoa kama alivyolipokea. Hana ufundi.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nimekikalia kiti. Kimenienea vizuri sana.

Ijumaa, 6 Mei

Baada ya sala, baraza kubwa. Watu wamejaa hadi kwenye miembe ya barabarani. Daktari akasimama kusema, na mimi nikasimama kulia kwake. Benedikto nyuma. Nilihakikisha.

Daktari akaeleza kwamba nyota yenye mkia inapopita huacha vumbi na vipande vyake angani. Na vile vimondo vinavyoanguka duniani, huenda baadhi yake vimehifadhi ndani yake chembe za nyota kama hiyo, vilevile zilivyokuwa dunia ilipoanza. Huenda! Mtu mzima amevuka bahari kwa sababu ya huenda! Lakini nimelitafsiri kwa heshima zote. Akasema amesikia kwamba miaka michache iliyopita kimondo kilianguka katika milima ya Uluguru, mchana, kwa kishindo. Anakitafuta.

Mpaka hapo sawa. Kisha akasema jiwe lenyewe ni jeusi, jepesi, laini, linachafua vidole kama mkaa.

Nikasita. Niwaambie watu kwamba mbinguni kunaanguka mkaa? Mkaa upo jikoni kwa kila mwanamke! Wangemcheka Daktari, na baada yake wangecheka mdomo uliowaletea maneno hayo. Nikaitetea heshima ya mbingu. Nikawaambia jiwe ni zito, gumu, linang'aa kama upanga wa sultani. Watu wakashusha pumzi kwa mshangao. Daktari akafurahi kuona anasikilizwa namna ile.

Benedikto akakohoa. Baadaye akanifuata, akaniuliza mbona nimegeuza. Nikamweleza kwamba kutafsiri si kubeba maji kwa ndoo. Akasema yeye alidhani ndivyo ilivyo. Namhurumia.

Jumatatu, 9 Mei

Boma limekuwa machimbo. Tangu Jumamosi watu wanaleta mawe. Mawe ya kusagia. Taka za chuma za wahunzi. Bawaba ya mlango. Kitako cha sufuria. Mtu mmoja wa Gairo amekuja na punda, na punda amebeba jiwe jeupe linalometameta, na punda amelala mbele ya ofisi, hataki kuinuka. Vyote vizito. Vyote vinang'aa. Nilijivunia jinsi nilivyoeleweka.

Daktari alipima, akakwaruza, akanusa, akatupa. Uso ulikuwa mwekundu. Akaniuliza kama kweli niliwaambia watu jeusi na laini. Nikamjibu kwamba niliwaambia, ila watu wa huku upepo wa milimani umewaharibia masikio. Akakaa juu ya sanduku, akanieleza upya, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Akakazia kwamba anachokitaka hasa kimo ndani ya jiwe. Ndani! Hilo neno nimelishika.

Jioni nikamsimulia mke wangu Mwaisha. Akacheka mpaka akatua mwiko. Akasema jiwe la namna hiyo mama yake analo.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mwaka ule wa njaa, baada ya vita, lilinguruma mchana kweupe na kuanguka katika shamba la maharage la mama yake, kule Kinole. Jeusi tii. Mama akalichukua akalifanya figa la tatu jikoni, maana moja lilikuwa limepasuka. Mvua ikavuja juu yake usiku kucha, na asubuhi figa likabomoka na chungu cha maharage kikaenda chini. Kipande kilichobaki, ukubwa wa kichwa cha mtoto, amekiweka katika chungu kikavu juu ya uchaga, pale moshi unapopita. Anakionyesha wageni.

Kiti ni changu! Nimecheza kidogo, peke yangu, chumbani.

Kisha nikakumbuka. Ni mama mkwe.

Mimi na Bi Hidaya hatujawahi kutazamana usoni, wala haifai. Mtu mwenye adabu hasemi na mama mkwe wake. Ukimwona njiani unaingia porini. Ukiwa na neno, unalipeleka kwa mtu wa kati, naye analirudisha jibu, na mpaka mtu huyo aseme, wewe hujasikia kitu hata kama masikio yako yapo hatua moja. Nikamwomba Mwaisha aende. Akakataa. Akanikumbusha mbuzi wa mama yake niliyemwazima kwa maonyesho ya serikali, akaliwa na askari. Akasema safari hii nikamtafute mwingine wa kwenda kuaibika.

Nani anayeweza kusema na Bi Hidaya bila hofu? Mtani wa ukoo wake. Na hapa mjini mtani wa ukoo wake ni mmoja tu.

Naliandika jina lake kwa uchungu. Benedikto.

Jumatano, 11 Mei

Kinole. Tumepanda tangu alfajiri, matope mpaka magotini. Benedikto amekubali kuja bila masharti yoyote, jambo lililonitia shaka njia nzima. Nimevaa kanzu yangu mpya, ili ukuta uone.

Nikaketishwa nyuma ya jiko, nimeupa ukuta mgongo, natazama migomba. Bi Hidaya alikuwa ndani. Benedikto akaingia bila hodi, akamwambia hujambo kikongwe, kumbe hujafa bado, mlima wote unakungoja uupishe. Bi Hidaya akamrushia gunzi la mahindi, akamwambia kwao wote wana masikio ya popo. Wakacheka mpaka wakapaliwa, na akapewa ndizi za kuchoma. Mimi ninayemlisha binti yake nilipewa kigoda kibovu! Dunia haina haki.

Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeitunga tangu tulipopita Bigwa. Nikamwambia Benedikto amwambie mama yetu mtukufu kwamba mkalimani mkuu mtarajiwa wa boma la Morogoro, aliyeaminiwa na madaktari wa Ulaya, amefika mlangoni pake kwa ajili ya elimu ya mbingu na ardhi. Nikaendelea mpaka jasho likanitoka. Benedikto akageuka ndani akasema:

"Mkweo anaomba lile jiwe."

Basi! Ndiyo yote!

Bi Hidaya akauliza kama litarudi au litafuata njia ya mbuzi. Nikanung'unika, kwa sauti ya ndani kabisa, kwamba bibi huyu ni bahili hata mawingu yanayopita juu ya paa lake anayahesabu. Lilikuwa nung'uniko! Si ujumbe! Benedikto akalifikisha lote, mpaka paa.

Nikatazama migomba kwa bidii kubwa.

Kisha kikatoka kicheko cha Bi Hidaya. Akasema mkwe wake tangu aoe hajawahi kusema kitu kifupi namna hiyo, basi apewe. Ila jiwe anampa Mwaisha binti yake, si mimi. Daktari atazame, achukue kidogo, linalobaki likae nyumbani kwa Mwaisha. Akalifunga katika kitambaa chake. Akasema pia, nilisikia kwa masikio yangu, kwamba lisiguswe na maji hata tone.

Nikamngoja Benedikto alifikishe neno hilo. Benedikto alikuwa ametia ndizi nzima mdomoni. Alipoimeza, Bi Hidaya alikuwa ameshahamia habari za nguruwe waharibifu. Neno likapita bila mbebaji. Na neno lisilofikishwa halijasemwa.

Njiani akaanza kuniambia, mkweo alisema jambo moja. Nikamkata kauli. Nikamwambia kazi yake ya kutafsiri ilikwisha tulipovuka kijito, na mimi sipokei maneno ya barabarani. Akaongeza mwendo.

Alhamisi, 12 Mei

Jiwe lipo mbele yangu juu ya mkeka. Jepesi kama mkate mkavu. Limeshanichafua mkono wa kanzu mpya, doa jeusi kutoka kiwiko hadi kiganja. Kitambaa nimempa Benedikto amrudishie mwenyewe, maana mimi siwezi kumkabidhi mama mkwe nguo mkono kwa mkono.

Ndani, alisema Daktari. Kinachotafutwa kimo ndani. Hivyo huu weusi wa nje ni taka za safari. Nani asafiri kutoka mbinguni asipate vumbi? Na mimi nimpelekee Daktari, mbele ya Bwana Mkubwa, kitu kilichojaa masizi, kama mtu aliyelelewa jalalani? Haiwezekani. Mgeni mkubwa hupewa kitu safi.

Nikaleta karai, maji na kumbi la nazi. Nikasugua.

Maji yakawa meusi mara moja. Ikatoka harufu kali, kama lami ya relini ikichanganyika na viazi vilivyooza. Nikafurahi, taka zinatoka! Nikabadilisha maji. Jiwe likapungua. Nikasema karibu tunafika ndani. Nikasugua tena kwa upole, kama namwogesha mtoto mchanga. Likapungua tena. Likawa limau. Likawa kokwa ya embe. Nikakaza macho nione kito kinachong'aa katikati.

Katikati hapakuwepo. Palikuwa na maji meusi na mikono yangu.

Nikayamwaga chini ya mgomba.

Mwaisha akarudi kutoka kisimani, akauliza jiwe la mama liko wapi. Nikaonyesha mgomba. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alikaa kizingitini, akasema mama yake alilala njaa siku ile chungu kilipoanguka, na hata hivyo hakulitupa, alilitunza miaka yote ili awe na kitu cha kumwachia binti yake ambacho hakuna mwanamke mwingine Kinole anacho. Kisha akabeba mkeka wake akaenda kulala jikoni.

Niliumia. Naliandika hili mara moja tu. Niliumia.

Lakini kiti bado kipo wazi, na Bwana Mkubwa ameshaambiwa kwamba Jumamosi naleta nyota.

Ijumaa, 13 Mei

Nimepita relini baada ya sala. Kando ya njia kulikuwa na kipande cha chuma, kizito, cheusi, hakina kazi. Sikukiiba. Kilikuwa kimelala tu, nikakiamsha.

Nimekisugua kwa mchanga na kukipaka mafuta ya nazi. Sasa hii ndiyo sura ya kitu kilichotoka mbinguni! Kusema kweli kinaizidi ile nyota yenyewe. Ningekuwa Mungu ningeangusha hiki.

Jumamosi, 14 Mei

Naandika nimevaa kanzu yenye mkono mmoja.

Barazani palijaa. Bwana Mkubwa kitini pake. Mzee Dadi pembeni. Nikaingia nimebeba sinia, chuma juu yake, kimefunikwa kwa kitambaa cha hariri. Nikatoa hotuba ya Kijerumani. Nikapendekeza kwa unyenyekevu kiitwe Jiwe la Kibwana. Nikafunua.

Daktari akakiinua. Akakigeuza. Chini yake, mahali ambapo sikusugua, palikuwa na herufi. Akazisoma kwa sauti. Lilikuwa jina la mji wa Ujerumani, na akasema ndio mji aliozaliwa yeye.

Nikamwambia upesi kwamba hii inathibitisha nyota ilipita kwao kwanza.

Bwana Mkubwa akauma sharubu. Askari mmoja akageuka kutazama ukuta, mabega yanatikisika. Ningemaliza vizuri, naamini ningemaliza vizuri, kama Daktari asingenusa. Alinusa hewa. Akaninusa mimi. Akanishika mkono wa kanzu, palipokuwa na lile doa, maana Mwaisha hanifulii tena, akaupeleka puani, na macho yakamtoka nje ya miwani. Akaniuliza nimeshika nini.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema. Nikasema jiwe, karai, kumbi la nazi, mgomba. Kwa kila neno nililotamka alizidi kushuka, mpaka akawa ameketi chini, kwenye vumbi, mtu wa Ulaya na suruali yake nyeupe! Kisha akainuka, akaomba mkasi, akaukata mkono wa kanzu yangu begani, akautia katika chupa kubwa ya kioo na kuifunga kwa nta.

Tukaenda mbio nyumbani kwangu, yeye mbele. Akapiga magoti chini ya mgomba na kijiko cha chai. Mwaisha alimwonyesha mahali, hakunitazama. Tope likajaza kikopo kimoja, lakini akasema limeshachanganyika na kinyesi cha kuku na haliaminiki.

Ndipo Benedikto akaja na kitambaa cha Bi Hidaya. Alikuwa hajapata nafasi ya kukirudisha, na hakukikung'uta kwa sababu si chake. Katika mikunjo kulikuwa na vipande vikavu, kama punje za njugu. Daktari akavimimina juu ya karatasi. Akamkumbatia Benedikto. Ningeweza kumkumbusha kwamba kumpa Benedikto kile kitambaa lilikuwa wazo langu. Nilimkumbusha. Hakusikia.

Jumatatu, 16 Mei

Kiti amepewa Benedikto. Tarbushi pia, na inamshuka mpaka kwenye nyusi. Leo asubuhi ameondoka na Bwana Mkubwa kwenda Kilosa kwa shauri la mipaka. Mimi nimepelekwa ghala la pamba, nisimamie magunia.

Nilikwenda kuaga kiti. Nimekaa kidogo, nikainuka.

Lakini tufikirie kama watu wazima. Benedikto ana kiti hapa Morogoro. Mkono wa kanzu yangu unakwenda Berlin! Daktari ameubandikia karatasi kwenye chupa, na nimeisoma mwenyewe: imeandikwa Morogoro, mwaka huu, na Kibwana. Jina la Benedikto halimo katika chupa yoyote. Maprofesa watauzunguka mkono wangu na miwani yao. Watauliza, huyu Kibwana ni nani? Ghalani nimewaeleza wapagazi wote, mmoja mmoja.

Mwaisha bado analala jikoni.

Ijumaa, 20 Mei

Nyota imehama. Sasa inaonekana magharibi, jua likishazama. Daktari naye amehama. Ameondoka leo kwa gari la moshi la mchana.

Stesheni ilijaa watu, maana wote walioleta mawe walitaka kujua yao yamekuwaje. Daktari akataka kuwaaga. Bwana Mkubwa bado yuko Kilosa, na Benedikto yuko naye. Mzee Dadi anaumwa. Wakatafuta mtu wa kutafsiri. Wakaja ghalani mbio!

Nikaenda na kanzu ileile. Umati ukafunguka kunipisha. Mwaisha alikuwepo, na pembeni yake mwanamke mmoja mzee aliyefunika uso kwa kanga. Nikageuza macho upesi. Bi Hidaya! Ameshuka mlimani kuja kuuliza habari za jiwe lake.

Daktari akapanda ngazi ya behewa. Sauti yake ilikuwa nzito. Akaniwekea mkono begani, lile lisilo na nguo, akasema kwa Kijerumani kwamba watu wote wamtazame mtu huyu. Akasema huyu, kwa kiburi chake, ameharibu kwa karai moja la maji kitu ambacho mbingu ilikihifadhi tangu mwanzo wa dunia. Akasema hajaona hasara kama hiyo maisha yake yote, na kwamba mwanamke maskini aliyekitunza kwenye moshi wa jiko lake anastahili kuombwa radhi mbele ya wote. Wajifunze kwake yeye, Kibwana, wasirudie.

Watu wakanitazama. Mwaisha akanitazama. Yule aliyefunika uso, nadhani, naye.

Nikavuta pumzi. Nikawatafsiria. Daktari anasema mtazameni mtu huyu! Tangu mwanzo wa dunia hajaonekana mtu aliyefanya kwa karai moja la maji alilolifanya Kibwana. Anasema jina lake na la mama mkwe wake, mwanamke mtukufu wa Kinole, yatasomwa Berlin siku zote. Jifunzeni kwake!

Vigelegele! Bi Hidaya alikuwa wa kwanza, ametupa kanga nyuma, anarukaruka. Wanaume wakapiga makofi. Mtu wa Gairo akanibeba mabegani. Mwaisha peke yake hakupiga kigelegele. Alinitazama mpaka nikaangalia reli.

Daktari akastaajabu. Akainama dirishani, akaniuliza mbona watu wanalia kwa sauti kali namna hiyo. Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyoomboleza.

Akavua kofia, akaiweka kifuani. Gari likaanza kwenda. Vigelegele vikazidi, naye akatuinamia kichwa mpaka behewa likapotea kwenye kona.